Seva ya Ndani kwa Jina la Kompyuta

Seva ya ndani ni programu, kama Apache, inayotoa kurasa za wavuti kwa kompyuta za mtandao mmoja bila kuhitaji intaneti. Ikijibu kwa "localhost" tu, yaani anwani 127.0.0.1, haionekani nje ya mashine yake. Ili skuli ya Wete au Chake Chake, Pemba, iifungue kwa jina la mashine, tuseme "mkarafuu", seva isikilize kwenye anwani ya mtandao, poti 80, na jina liandikwe kwenye mstari wa ServerName wa mipangilio ya Apache. Kisha kila kompyuta ijue anwani ya jina hilo: kupitia faili la hosts, kazi ya kuchosha, au kwa mDNS, utaratibu wa kompyuta kuulizana majina zenyewe, uliochapishwa rasmi mwaka 2013, nalo jina huwa "mkarafuu.local". Ikigoma bado, mara nyingi programu ya ulinzi imefunga poti.