Excalibur II

Excalibur II ni upanga katika Final Fantasy IX, mchezo wa video uliotolewa na Square mwaka 2000 kwa mashine ya PlayStation. Hupatikana mahali paitwapo Memoria, karibu na mwisho wa safari, iwapo mchezaji amefika kabla saa ya mchezo haijahesabu masaa 12. Mhusika Steiner pekee ndiye huutumia. Kuupata kwa kukimbia tu kunawezekana. Kazi kubwa, na ya kustahili heshima, ni kuupata huku ukikamilisha kila kitu. Kufukua hazina kwa Chocobo, ndege wa mchezo huo, na kujiandaa kumkabili Ozma, adui wa hiari, hula muda mwingi mno. Toleo la Ulaya, lililokwenda polepole kwenye televisheni za hezi 50, lilifanya sharti hilo kuwa gumu zaidi.