Kadi ya nauli: kwa nini matatu ziliikataa

Kila panapozuka maneno ya kuondoa pesa taslimu kwenye matatu, husikia watu wakisema jambo hilo ni geni. Si geni. Kenya ilishalijaribu, na kwa maoni yangu kilichotukwamisha hakikuwa mashine.

Kadi yenyewe ni kitu chepesi. Ndani mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa pembeni, wala haina betri. Ukiisogeza karibu na mashine, sentimita chache tu, mawimbi ya redio ya ile mashine huipa umeme wa kutosha kujitambulisha. Nauli ikakatwa kwenye salio na safari ikaandikwa. Hakuna kugombania chenji, na anayepanda gari za Mtwapa asubuhi anajua hilo lina thamani gani.

Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay jijini Nairobi. Zikafuata kadi nyingine. Serikali ikaamuru kwamba kuanzia Julai 2014 nauli isilipwe mkononi; muda ukasogezwa, kisha amri ikafifia. BebaPay ilifungwa 2015.

Wengi hulaumu wingi wa kadi na mitambo. Mimi naitazama shilingi yenyewe. Nauli ya matatu hugawanywa kabla jua halijazama: mafuta hununuliwa humo humo, mwenye gari hupelekewa hesabu yake, dereva na makanga hubaki na kinachozidi (na kuna mkono wa barabarani ambao sote twaujua, nao haupokei kadi). Pesa ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya tajiri, makanga atarudi nyumbani na nini usiku ule? Hata tajiri mwenyewe husita, maana rekodi ya kila safari ni rekodi ya kodi pia.

London walifaulu. Kadi ya Oyster ilianza 2003, kadi za benki zikaanza kupokelewa kwenye mabasi mwishoni mwa 2012, na Julai 2014 mabasi yakaacha kupokea pesa taslimu. Lakini dereva wa kule ni mtu wa mshahara, na kampuni yake hulipwa kwa mkataba na mamlaka ya usafiri ya jiji. Abiria wawe wawili au sitini, chakula chake hakitikisiki.

Kwetu M-Pesa iliingia pale kadi iliposhindwa, kwa sababu pesa humfikia makanga kwenye simu yake, naye akagawa kama kawaida. Ila tiketi hakuna. Ukisahau mzigo, au ukitozwa mara mbili ya nauli kwa sababu mvua imenyesha, huna karatasi ya kuonyesha.

Kwa hivyo sako itakayoleta kadi Mombasa ningeiuliza kwanza kuhusu mishahara: dereva na makanga watalipwa na nani, na siku gani? Nauli ya wakati wa mvua itapangwa wapi? Na bibi wa Kisauni asiye na simu ya kisasa ajaze salio kwenye duka lipi la mtaani, kwa sarafu zake mwenyewe, bila kumtuma mjukuu?