Mshahara na Jina

Maji yanapokupwa hapa Bwejuu mchanga hukaza, na watu hupita na baiskeli pwani wakielekea Paje. Jioni moja nikiwa barazani, mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, eti kuna mtu analipwa mshahara kwa kupanda baiskeli?" Nikamwambia wapo. Akauliza tena, "Hulipwa kwa kupanda au kwa kushinda?"

Nilifundisha maisha yangu yote, nikastaafu kutoka chuo cha ualimu, lakini swali lile lilinishinda kulijibu papo hapo.

Mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, Tour de France, yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto lililotaka kuuza nakala nyingi zaidi. Mshindi wa kwanza, Maurice Garin, alipata zawadi ya fedha, na baadaye akawa na gereji yake katika mji wa Lens. Siku hizi zawadi si kitu kikubwa. Mwaka 2017 mshindi alipewa Euro 500,000, na desturi yao ni kugawana na wenzake wa timu waliomkinga upepo. Riziki yake hasa ni mshahara wa timu, na mshahara hupanda kwa ushindi.

Mshindi wa mwaka huo tunaweza kumwita jirani yetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa mvulana alifunzwa mbio na David Kinjah, Mkenya wa Kikuyu. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Baadaye akahamia upande wa Uingereza.

Mwaka 2011 mkataba wake na timu ya Sky ulikuwa unakaribia kwisha, wala hakuwa na jina. Akaenda katika mashindano ya Hispania, Vuelta, akatoka wa pili. Wiki tatu tu zile! Mara akapewa mkataba wa miaka mitatu. Akashinda Ufaransa mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, Hispania 2017, na Italia 2018.

Kisha, Juni 2019, alianguka vibaya Ufaransa akivunjika mifupa kadhaa. Mwezi uliofuata, angali majeruhi, ikathibitishwa kwamba aliyemshinda Hispania mwaka 2011 amevuliwa ushindi kwa kosa la dawa. Froome akawa mshindi, miaka minane baadaye. Tangu mwaka 2021 hadi 2025 timu nyingine ilimlipa, naye hakushinda tena hata shindano moja. Ililipa jina, miguu ilikuwa imekwisha kwenda.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mshahara na sifa ni daftari mbili, na hazifungwi siku moja. Ya mshahara hutazama ushindi wa jana ikitumai wa kesho. Ya sifa husubiri, hufuta na kuandika upya. Na jina la Kinjah halimo katika ile ya kwanza. Limo katika ya pili peke yake.

Msomaji wangu, nina la kukiri. Nilipokuwa mwalimu mkuu wa skuli, mwaka mmoja watoto wetu walifaulu sana. Nilipotakiwa kupendekeza mwalimu wa kupandishwa cheo, nilimpendekeza wa darasa la mwisho. Yule bibi aliyewashika mikono watoto wale wale wakiwa hawajui kuandika alif wala a, sikumtaja. Alistaafu na mshahara ule ule, akafariki. Daftari ya kwanza niliifunga mimi, kwa kalamu yangu.

Nikamwita mjukuu. Nikamwambia, "Hulipwa kwa kushinda, mwanangu. Lakini ukimwona mshindi, uliza nani alimshikia baiskeli siku ya kwanza."

Akanitazama. "Na wewe, Babu, nani alikushikia?"

Nikamtajia majina, mpaka adhana ya Magharibi.