Kumpima Mpimaji: Kuhama kutoka Ununuzi wa Kampuni kwenda Uwekezaji wa Mifuko

Aliyezoea kununua kampuni hushinda na vitu vinavyohesabika: magunia ghalani, mashine zilizosimama, madeni ya wateja yaliyopitiliza siku 90. Akihamia mfuko wa pensheni, wakfu wa chuo kikuu au shirika la fedha za maendeleo, ambako kazi ni kuchagua mameneja watakaonunua kampuni kwa niaba yake, vitu hivyo vyote vinaondoka mbele ya macho. Anabaki na mkataba wa miaka 10, ripoti ya kila robo mwaka, na meneja anayejua kujieleza. Wenye taaluma wengi huichukulia hatua hii kama mapumziko ya mtu aliyechoka na safari. Mimi naiona ni kazi nyingine kabisa, na mhamaji ana thamani pale tu anapohama na macho yake ya ghalani.

Historia ya shirika moja la Uingereza inalionyesha hili vizuri. Colonial Development Corporation ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikaunda Tanganyika Wattle Company kule Njombe, kupanda miwati ambayo magome yake hutoa tanini ya kulainishia ngozi. Mwekezaji huyo alikuwa na shamba, kiwanda na vibarua. Mwaka 2004 shirika hilo, ambalo wakati huo lilijulikana kama CDC, likagawanywa: wanunuzi na wasimamizi wa kampuni wakatoka na kuunda Actis, na CDC iliyobaki ikawa mwekezaji wa mifuko. Miaka michache baadaye lawama zilizagaa Uingereza kwamba shirika limekuwa mbali mno na watu lililoundwa kuwasaidia. Kuanzia mwaka 2012 likarudi kuwekeza lenyewe moja kwa moja. Ninavyoisoma habari hii, mikono na macho viliondoka siku moja. Mikono ilikuwa haki yake kuondoka, maana anayewekeza kupitia mifuko haendeshi kiwanda. Macho ndiyo yaliyohitajika kuliko mwanzo.

Macho hayo yanaona nini? Chukua hesabu ndogo. Meneja ananunua kampuni kwa shilingi milioni 100 na kuiuza kwa milioni 150 baada ya miaka mitano. Faida ni kama asilimia 8.4 kwa mwaka. Sasa tuseme mwaka wa kwanza ametumia mkopo wa benki, akawaita wawekezaji walete fedha zao mwaka wa pili. Kampuni ni ileile, bei ni zilezile, lakini fedha za wawekezaji zimekaa miaka minne tu, na ukiiacha riba ya benki pembeni, ripoti itasoma karibu asilimia 10.7. Hakuna lililoongezeka kiwandani. Aliyewahi kupanga mkopo wa namna hiyo kwa mkono wake huliona jambo hili mara moja, naye huuliza swali lisilopambika: kati ya fedha tulizotoa, zimerudi ngapi?

Kisa cha Abraaj, kampuni ya Dubai iliyosimamia mifuko ya uwekezaji, ni kizito zaidi. Mfuko wake wa afya wa dola bilioni 1, ulioingia pia katika hospitali za Nairobi, uliita fedha za wawekezaji, kisha sehemu yake ikakaa bila kununua chochote. Wawekezaji, wakiwemo Gates Foundation, wakauliza ziko wapi. Mwaka 2018 kampuni ikaanguka, na mwaka uliofuata mamlaka ya Marekani ya masoko ya mitaji ikadai kwamba zaidi ya dola milioni 230 za mfuko huo zilitumiwa visivyo. Mdhibiti wa Dubai naye alibaini kuwa fedha zilikopwa kwa muda ili salio la benki lionekane limejaa wakati wa hesabu. Hapa pana somo kwa anayehama. Mnunuzi wa kampuni haridhiki na salio la siku moja, kwa sababu ameshawahi kukuta ghala limejazwa bidhaa za jirani siku ya ukaguzi. Huomba taarifa ya benki ya miezi yote, mstari kwa mstari.

Lakini ujuzi huohuo humponza. Mhamaji hupenda kuurudia ununuzi wa meneja kichwani, akabishana juu ya bei ya kiwanda kimoja, ilhali anachopaswa kupima ni kama timu ya meneja, watu wanne au watano, watabaki pamoja miaka 10, na nani hasa kati yao alifanya kazi inayosifiwa. Watafiti Kaplan na Schoar walionyesha mwaka 2005 kwamba mameneja waliofanya vizuri walielekea kufanya vizuri tena. Tafiti zilizofuata zimeona mwelekeo huo ukififia kwa wanunuzi wa kampuni. Jina la zamani peke yake halitoshi tena, na kuwachunguza watu kunachosha kuliko kuchunguza daftari.

Kenya inaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali yake katika uwekezaji wa aina hii. Fedha hizo ni za mwalimu na muuguzi, na wadhamini wanaozilinda mara nyingi hawajawahi kununua hata kampuni moja. Ningependa, kabla hawajatia saini, awepo mezani mtu aliyewahi kuhesabu magunia ghalani, na apewe muda wa kuuliza mpaka aridhike.