Hadhira Kabla ya Bidhaa: Tijara ya Bondo Tangu Zama za Jaramogi

Katika miaka ya 1940, ilhali sheria za ukoloni ziliubana mkopo wa Mwafrika na mwenye duka mweusi hakuwa na wa kumdhamini, mwalimu mmoja wa shule ya Maseno, Oginga Odinga, aliyeitwa Jaramogi, mzaliwa wa Nyamira Kang'o huko Bondo, magharibi mwa Kenya, alitambua ya kuwa rasilimali ya kwanza ya tijara ni watu watakaomsadiki mwenye kuiendesha. Akaanza na kikundi cha akiba cha watu wa kwao, kilichokuja kuwa, mwaka 1947, Luo Thrift and Trading Corporation.

Wajaluo wenye mishahara walikuwa wametawanyika kuifuata reli hata Nairobi, Mombasa na Kampala. Basi Jaramogi akawafuata huko huko kuwauzia hisa, akieleza na kuulizwa, akilirudia leo jibu alilolitoa jana penginepo, mpaka aliyeshuku ya kuwa senti zake zitaliwa akaridhika kuziweka amana. Ikaja na matbaa, Ramogi Press, na gazeti la Ramogi, ambalo mhariri wake alikuwa Achieng Oneko, mtu wa Uyoma. Nalo lilifika mahali asipoweza kufika mnenaji.

Naamini kwa dhati kwamba hiyo ndiyo kazi adhimu ya shirika lile, kuliko maduka na majengo yake. Biashara yenyewe haikupata kuwa kubwa, lakini hadhira iliyokusanywa kwa ajili yake iliipita: Jaramogi alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akisimamiwa na jamii ambayo aghalabu ilikwisha kumjua kwa mambo ya hisa.

Njia hiyo ya kujipatia kwanza imani ya watu ingalipo: leo, katika fuo za Bondo kama Usenge, mwanamke mwenye kuanika omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, juu ya nyavu huwapiga picha kwa simu, akaiweka WhatsApp au Facebook kabla jua halijapanda. Mushtari wa Nairobi, asiyemjua, humwuliza swali ambalo kila mla omena huliuliza: je, wana mchanga? Naye, badala ya kuapa, huchota konzi moja, akaipiga picha kwa karibu kiganjani ili waonekane mmoja mmoja, akaituma pale pale penye macho ya wote, maana walio kimya nao wanatazama, na wengi wao ndio watakaonunua mwezi ujao. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, arubuni hufika papo hapo. Gunia hupakiwa basini, na baki ya malipo hutumwa mnunuzi akisha kulifungua na kuwatia omena mkononi mwake mwenyewe.