Amiba Wawili, Sura Moja

Bila shaka umewahi kutoka zahanati na karatasi inayosema una amiba. Katika miji yetu neno hilo limezoeleka kama malaria. Tumbo likinguruma kidogo tu, jirani atakuambia: hao ni amiba. Mimi nauliza: amiba yupi? Swali hilo liliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 100 kulijibu, na aliyelijibu mapema hakusikilizwa.

Mwaka 1875 huko St. Petersburg, Urusi, daktari Fedor Lösch alipima kwa hadubini choo cha mkulima aliyekuwa akihara damu, akaona amiba wengi. Hata hivyo hakuamini kwamba wao ndio chanzo cha maradhi. Alidhani wanazidisha tu vidonda vilivyokuwapo.

Mwaka 1903 Mjerumani Fritz Schaudinn aliwagawa amiba wa tumboni mafungu mawili. Yule asiye na madhara alimwita Entamoeba coli, na yule mbaya Entamoeba histolytica, yaani mwenye kuyeyusha nyama za mwili.

Likazuka fumbo. Mwaka 1913 huko Manila, madaktari Walker na Sellards waliwalisha wafungwa 20 huyo histolytica. Walioambukizwa walikuwa 18, lakini waliohara damu ni wanne tu. Hao 14 wengine walisalimikaje?

Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alitoa jibu: tunayemwita mmoja kumbe ni wawili. Mmoja anaua. Mwingine, aliyempa jina Entamoeba dispar, anakaa tumboni bila kumdhuru mtu. Kwa hadubini wanafanana kama mapacha. Wenzake wengi hawakumkubali, maana hakuweza kuwaonyesha tofauti kwa macho. Na hofu ilikuwapo: mwaka 1933 maji machafu yaliingia katika mabomba ya hoteli mjini Chicago, watu zaidi ya 1,000 wakaugua na makumi wakafa.

Brumpt alifariki mwaka 1951 bila kuona ushindi wake. Mwaka 1978 watafiti wa London walianza kuwatenganisha amiba hao kwa kupima vimeng'enya vyao. Mwaka 1993 Diamond na Clark, huko Marekani, walitangaza rasmi kuwa ni aina mbili, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likakubali. Lilisema pia kwamba mwenye dispar peke yake hahitaji dawa.

Sasa turudi kwetu. Zahanati nyingi zina hadubini tu, na hadubini haiwezi kuwatenganisha mapacha hawa. Dalili nzito ni pale mpimaji anapomwona amiba amemeza chembe nyekundu za damu. Bila hiyo, neno "amiba" kwenye karatasi halijathibitisha kuwa ndiye anayekuumiza, na huenda chanzo halisi hakijatafutwa.

Sisemi mtu atupe vidonge. Anayehara damu asisubiri hata siku moja, kwani histolytica huweza kutoboa utumbo na kufika hadi kwenye ini. Hata anayembeba bila kuumwa hupaswa kutibiwa. Nasema tuulize: mpimaji ameona nini hasa? Je, kuna kipimo kingine? Kuuliza si kumdharau daktari. Brumpt aliuliza, na miaka karibu 70 baadaye dunia nzima ikamkubali.