Taarifa za Mwaka na Mihogo ya Amani

Magoma imo katika Bonde la Luengera, kati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Katika safu hii ya mashariki ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Ugonjwa wa batobato wa mihogo ulikuwa umekwisha kuelezwa na Warburg mwaka 1894, tena kutoka Usambara hiyohiyo.

Chini ya Waingereza, Amani ilipata ruzuku ya Bodi ya Masoko ya Dola ya Uingereza, iliyovunjwa mwaka 1933. Kituo kilichapisha taarifa za maendeleo za kila mwaka. Hapo ndipo penye mvutano: mfadhili huhesabu miaka, muhogo huhesabu vizazi. Storey na Nichols, na baadaye Jennings, waliuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceará, kisha wakawarudisha machotara kwa muhogo mara kadhaa ili wapate mizizi inayolika. Kazi ilidumu takriban miongo miwili. Taarifa ya mwaka mmoja ingesema nini zaidi ya hesabu ya miche iliyoota na iliyougua? Kwa maoni yangu, hesabu hiyo kavu ndiyo yenye thamani, kwani bila nasaba iliyoandikwa mrithi wa kazi asingejua aanzie wapi. Mbegu za Amani zilifika Nigeria. Humo ukapatikana mmea namba 58308, uliotumiwa na watafiti wa Ibadan katika miaka ya 1970 kuzalisha mihogo yenye ukinzani.